Joakim Ndaki Mayala, Aliyechekesha Watu kwa Mwendo Wangu

Baba Paroko, ndugu, majirani, nanyi mliotoka mbali kuja Shishiyu leo Jumanne, tarehe 16 Septemba 2003. Kwanza kabisa, mimi ni Januarius Mayala, kaka wa marehemu. Nimeombwa kuandika na kusoma maisha yake, na aliyeniomba ni yeye mwenyewe. Tarehe nitazitaja kwa usahihi, maana yeye hakuwa mtu wa tarehe.

Marehemu Joakim alizaliwa tarehe 8 Machi 1961 hapa Shishiyu, wilaya ya Maswa, akiwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Mayala Ndaki na mama yetu Nyanjige. Mimi nilikuwa na miaka minne, na nyumba nzima ilikuwa yangu. Mama husema nilipoonyeshwa mdogo wangu niliuliza atarudishwa lini. Alibatizwa Pasaka ya mwaka huo. Alichelewa kutembea lakini aliwahi kucheka, na wageni waliokuja kwa baba wakaanza kumsalimia yeye kabla yangu.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1969 hadi 1975. Katika shule hiyo mimi nilikuwa wa kwanza darasani miaka mitano mfululizo. Yeye hakuwahi kuwa wa kwanza. Lakini siku moja mwalimu mkuu alikuwa safarini, wenzake wakamwomba aongee kama mwalimu mkuu, na darasa zima likanyamaza likafanya hesabu mpaka kengele. Waliosoma naye wapo hapa. Waulizeni nani alikuwa wa kwanza miaka ile, hawakumbuki.

Sanaa yake ilianza Julai 1979, baada ya pamba kuuzwa. Kwa wageni nieleze kwamba kwetu Wasukuma vikundi viwili, Bagika na Bagalu, hucheza ngoma kwenye uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na anayeshinda ni yule ambaye watu wamehamia upande wake. Mimi nilikuwa kiongozi wa Bagika. Kwa sababu hiyo tu, Joakim alijiunga na Bagalu. Tulikuwa tumefanya mazoezi wiki sita, na watu walikuwa kwetu. Ndipo yeye akatoka peke yake na mwavuli uliofungwa kwapani, mikono nyuma, kichwa mbele kama mtu aliyeangusha sindano. Akakohoa mara mbili, akasema, "Kwanza kabisa." Hakusema kingine. Uwanja ukavuka. Mama naye alivuka, yupo hapa, anajua nasema kweli. Nilibaki na wapiga ngoma wangu na shangazi yetu, ambaye macho yake yalikuwa hayaoni vizuri.

Mwavuli ule ulikuwa wangu. Mwendo ule ulikuwa wangu, na kikohozi pia.

Mwaka 1982 alikwenda Mwanza, akaingia kikundi cha maigizo cha kiwanda kimoja cha nguo. Kwa miaka tisa alicheza jukwaani kama hakimu, mlevi, mfalme, na katika mchezo wa Pasaka alikuwa Yuda. Nilikwenda kumwona mara moja tu, mwaka 1986, alipokuwa hakimu anayemfunga mwanawe. Akina mama walilia. Mimi pia nililia, na nilikasirika kwamba nimelia. Nilikuwa nimejipa moyo kuwa anachoweza ni kuchekesha tu.

Tarehe 22 Oktoba 1988 alifunga ndoa na Eufrasia, wa Kalemela. Nilikuwa msemaji wa upande wetu siku ya kuposa. Eufrasia alileta maji ya kunawa, mimi nikakohoa, nikasema, "Kwanza kabisa, wazee wangu." Binti aliweka beseni chini akatoka nje mbio. Wazee wa Kalemela wakadhani amekataa, ikabidi shangazi zake wamfuate nyuma ya nyumba, wakamkuta ameshika mbavu. Alikuwa ameniona kwa Joakim mara nyingi kabla hajaniona mimi. Posa ilipokelewa, na shemeji yangu huyu amenipikia vizuri miaka yote, ila kunitazama usoni nikiongea hawezi hadi leo.

Mwaka 1991 kiwanda kilipunguza wafanyakazi, na waigizaji ndio waliotangulia. Akarudi, akapanga Bariadi mjini, akaanza kusimama peke yake mbele ya watu bila ngoma wala mwenzake, akichekesha saa nzima kwa kuigiza mtu mmoja tu aliyemwita Karani. Miaka ile nilikuwa karani wa mizani ya pamba kwenye chama cha msingi cha ushirika hapa Shishiyu. Ilipofika msimu wa 1995, biashara huria ilikuwa imeshafika kwenye pamba, na ndugu Hamimu, mfanyabiashara wa Bariadi, akaweka mizani yake ng'ambo ya barabara, tukatazamana. Alikuja na lori, na juu ya lori alikuwa Joakim na mwavuli.

Wakulima walikuwa kwenye foleni yangu na mikokoteni yao. Walianza kugeuza shingo, kisha wakageuza ng'ombe. Nilivuka barabara nikamwambia mdogo wangu ashuke, kwamba ananinyang'anya kazi kwa kutumia mwili wangu mwenyewe. Alinijibu taratibu, wala hakutania:

"Kaka, nimejaribu padri, nimejaribu mwalimu mkuu. Watu wanacheka kidogo, wanaondoka. Kwako wanakaa. Ningekuwa na mwingine ningemtumia."

Nilirudi kwenye mizani yangu. Msimu uliofuata chama kilifunga ghala. Sikumsemesha miaka saba. Kanda zake zikauzwa Maswa, Shinyanga hadi Mwanza, na Karani akawa na marafiki wengi kuliko mimi. Mwaka 1998 nilikuwa mnadani Mwanhuzi, nataka dume la kulimia. Nilipofungua mdomo kupatana bei, watu wakajaa, wakacheka, wakanipigia makofi. Mzee mmoja akanishika bega kwa huruma, akasema, "Umejitahidi, bhabha. Sauti umeipata, ila mwendo bado." Nilirudi nyumbani bila dume. Nimemwonea wivu Joakim tangu siku aliyozaliwa, naandika hivyo ili isisemwe pembeni, lakini siku ile ndiyo iliyouma kuliko zote.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2002. Tulipatana Mwanza, hospitalini, kwa sababu Eufrasia alihitaji mtu wa kupokezana naye zamu. Asubuhi moja ya Agosti nilikuwa nakuja na uji, nikasikia wauguzi wakimwomba awafanyie Karani kidogo. Akawaambia hana nguvu. Kisha akaniona nimesimama mlangoni, mwavuli kwapani, akasema, "Mwenyewe huyo hapo. Mimi nilikuwa namwazima." Wakanigeukia. Nikakohoa kwa kukosa la kufanya. Walicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akainuka, na Joakim alicheka kuliko wote. Kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyekuwa mtazamaji.

Siku hiyo aliniagiza nisome mimi. Nikamwambia watu watacheka makaburini. Akasema, "Ndiyo, kaka. Soma polepole." Alifariki Jumapili tarehe 14 Septemba 2003, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na miwili.

Marehemu ameacha mama, Nyanjige, mjane, Eufrasia, watoto watatu, Milembe, Ngassa na Wilhelmina, na kaka mmoja, Januarius, ambaye ndiye Karani.

Najua mmekuwa mkijizuia tangu niliposema "kwanza kabisa". Msijizuie. Nimeacha nafasi hapa kwenye karatasi, nitasubiri mmalize.

Mungu akupe pumziko la amani, Joakim. Mwavuli nimeuweka humo ndani pamoja nawe. Uwanja ni wako.