Kigelegele cha Bibi Nasibeko

Marehemu Gresham Mkwapatira alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 kijijini Thondwe, Zomba, mtoto wa pekee wa Bibi Nasibeko. Kilio chake cha kwanza kilimwamsha mjomba wake Jailosi ng'ambo ya mto. Mjomba huyo ndiye anayewasomea haya, na masikio yake hayajapata mpinzani mpaka leo.

Alisoma hapahapa hadi darasa la nane, akampita mjomba kwa madarasa manne. Alisamehewa.

Mwaka 1993 alianza kurekodi kwaya mjini Limbe, kwa kanda. Kanda ilikuwa na huruma: sauti ikizidi, ilinguruma kidogo ikanyamaza. Kompyuta, aliyohamia baadaye, haina huruma. Sauti ikigonga dari, taa nyekundu inawaka, na kilichokatwa hakirudi. Ndiyo maana, ili apime sauti kabla ya kurekodi, kila mwimbaji aliambiwa, "Achimwene, ndugu yangu, nipe kelele yako kubwa kwanza! Utamu utakuja baadaye."

Tarehe 5 Agosti 2000 alimwoa Ellestina, wakajaliwa binti, Mwandida.

Juni 2012 Bibi Nasibeko, akiwa mgonjwa, alitaka kigelegele chake kirekodiwe, kisikike harusini kwa Mwandida. Gresham akamwomba apige cha kujaribia.

"Cha kujaribia? Nani kaolewa hapa? Nani kazaliwa? Kigelegele bila furaha huita msiba, we mtoto!"

Basi Gresham akapima sauti kwa maongezi ya mama yake kuhusu mbaazi, sauti ya mtu anayesinzia. Kisha Bibi akamkumbuka mjukuu wake, akakiachia. Taa ikawa nyekundu mwanzo hadi mwisho.

"Mama, rudia."

"Nirudie? Unamwombea mwanao harusi mbili?"

Wiki hiyohiyo Bibi akafariki. Kigelegele kikabaki kinakwaruza kama bati linaloburutwa. Fundi mzima aliona haya. Harusi ya Mwandida, mwaka 2022, ilipita kimya. Alimwambia binti yake kimepotea.

Mwaka uliofuata figo zilimlaza. Hapo ndipo alipokitoa. Mwandida alicheka huku machozi yakimtoka.

"Baba, si ndiye yeye! Bibi alitoshea lini ndani ya chumba?"

Gresham aligeukia ukutani. "Angekuwepo harusini," alisema. "Mimi ndiye niliyemfungia nje."

Alifariki tarehe 9 Oktoba 2023.

Ameacha mjane Ellestina, binti Mwandida, mkwe Yamikani, na mjukuu anayetarajiwa Januari. Kigelegele hatukipigi leo msibani, Bibi mwenyewe alishakataza. Kinamsubiri mtoto huyo, na mikwaruzo yake yote, na ole wake atakayepunguza sauti.

Lala, mpwa wetu. Mola akupe utulivu uliotunyima sisi.