Ngome ya Milango Minne

Pale mtaani Bwiza, kwenye kona ambapo Mwanne huuza kahawa ya tangawizi, kuna benchi la mbao lililoegemea ukuta wa duka la vipuri, na mbele ya benchi kuna taksi. Taksi ni ya Tajudini, ambaye wote humwita Waziri kwa sababu hajawahi kuulizwa jambo akasema hajui. Tangu esansi ya magari iadimike, gari hilo limegeuka sehemu ya kijiwe. Benchi likijaa, watu hukaa juu ya boneti. Mazungumzo ya hapo huwa ya mpira, ya bei ya sukari na ya harusi za watu wengine. Lakini Alhamisi moja, baada ya alasiri, fundi wa simu Eddy, anayeitwa Satelaiti kwa kuwa habari humfikia kabla ya wenye habari, alikuja mbio akiinua simu yake juu, na hata salamu hakutoa.

– Wamerudisha Ngome!

Hakuna aliyeuliza ngome gani. Walipokuwa vijana, gereji ya baba yake Tajudini ilikuwa na televisheni moja na mashine moja ya michezo, na mchezo waliougombania ulikuwa Ngome ya Milango Saba. Unamwongoza askari mdogo mwenye kofia nyekundu, anaruka madaraja, anapita mlango baada ya mlango hadi kumfungua malkia. Haukuwa na huruma mchezo ule. Ukiteleza, unarudi mwanzo. Umeme ukikatika, unarudi mwanzo. Ukipiga chafya, unarudi mwanzo. Bwiza nzima mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kuufungua mlango wa saba, na siku hiyo vijana walimbeba mabegani mpaka barabara kubwa huku mama yake akimtafuta na fimbo.

Mtu huyo ni Atumani, na tangu siku hiyo jina lake ni Vidole. Waliendelea kumwita hivyo hata baada ya mkanda wa mashine, kule kiwandani alikofanya kazi, kumchukulia vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Mwenyewe hakutaka waache. Aliona kwamba siku wakiacha, ndipo watakuwa wamemhurumia kweli. Sasa alikuwa ameketi mwisho wa benchi, mkono wa kushoto mfukoni, na habari ya Satelaiti ilimfanya aangalie ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimeanguka humo.

– Soma vizuri, sha, Waziri alisema. Wamerudisha yote?

– Wameitengeneza upya. Picha inang'aa kama mabati mapya. Lakini milango iko mine.

– Mine?

– Mine. Na ukianguka kwenye daraja, hawakurudishi mwanzo. Wanakuinua, wanakuweka palepale. Na iko mushale inakuonyesha njia.

– Mushale ya nini? Njia si iko moja tu!

– Ndiyo hivyo.

– Na bei?

Satelaiti akampa simu. Waziri akasoma, akafuta kioo kwa shati, akasoma tena.

– Yoo! Bei hii mi napata mbuzi. Tena mbuzi mwenye mimba!

Mwanne, aliyekuwa akisuuza vikombe, alicheka.

– Mi nikitia maji mengi kwenye kahawa, halafu nikipandisha bei, mutanunua?

– Inategemea kikombe, alisema Satelaiti. Kikombe kikiwa kizuri, mutu anaweza kunyamaza.

– Apana! Waziri aligonga boneti ya taksi yake. Apana kabisa! We huoni akili yao? Wamekata ng'ombe, wanatuuzia kichwa na mbavu. Ile milango tatu imewekwa kando. Mwakani watatuuzia miguu.

– Mi nadhani wamezeeka, Satelaiti alisema. Wale waliotengeneza ya kwanza sasa ni wazee kama sisi. Hawaoni vizuri. Wanashindwa na muchezo yao wenyewe, wanaona haya, wanaifanya rahisi.

– Mutu hawezi kushindwa na kitu alichokizaa.

– Watoto wako wanakusikia, Waziri?

Benchi likacheka. Waziri hakucheka; alikuwa tayari ameona jambo kubwa zaidi.

– Sikilizeni. Ile mushale si ya kukuonyesha njia. Ni ya kukupima. Kila ukianguka, inaandikwa kule kwao: huyu wa Bwiza hawezi kuruka. Wakishajua wote hatuwezi kuruka, basi. Leo wanatuinua kwenye daraja, kesho wanatuuzia muchele umeshatafunwa!

– Na simu itakuwa inalala kwa niaba yako, Satelaiti akadakia.

– Na redio inakusalia!

– Astaghfirullah, alisema Mwanne. Usiingize sala.

Atumani aliwasikiliza akitabasamu panapostahili. Alikuwa anawapenda watu hawa. Siku alizolala hospitali, Waziri alimpeleka mke wa Atumani kila asubuhi na kila jioni, wakati taksi ilikuwa bado inatembea, na hakuwahi kulitaja tena. Ndiyo maana alichokuwa nacho rohoni kilimwia kizito zaidi.

– Vidole, Waziri alimgeukia, we ndiye mwenye Ngome. Sema neno. Hiyo ya milango mine ni muchezo, ao ni uji ya mutoto?

Wote wakamtazama. Atumani akanywa kahawa ambayo ilikuwa imeshapoa.

– Ya zamani ilikuwa muchezo kweli, alisema.

– Mumesikia!

Hakuwa amesema uongo. Lakini alijisikia vibaya, kama mtu aliyelishwa vizuri katika nyumba fulani, kisha akasikia mwenye nyumba anasengenywa naye akaitikia.

Wakati huo Fabiola, mshonaji aliyekuwa amefungua chumba chake cha cherehani ng'ambo ya barabara wiki ile ile, alivuka na kikombe chake mwenyewe kuja kununua kahawa. Alisimama akingoja Mwanne ammiminie, na kwa kuwa Waziri haongei polepole, alisikia habari yote: mshale, mbuzi, mchele uliotafunwa.

– Samahani, wazee wangu, alisema kwa adabu. Nani kati yenu ameshaicheza?

Waziri alifungua mdomo, akaufunga. Satelaiti akaanza kutafuta kitu kwenye simu yake, kisha akaacha kukitafuta. Hata Mwanne aliinua uso. Lori la bia lilipita, likawatimulia vumbi.

– Mi, alisema Atumani.

– We nini?

– Mi nimeicheza. Nimeimaliza.

Alitoa mkono wa kushoto mfukoni, akauweka juu ya goti mahali ambapo kila mtu angeweza kuuona.

– Houda aliniletea siku ya Idi, kutoka kwake Gihosha. Akasema, baba, hii utaiweza. Mi nikakasirika. Nikasema moyoni, mutoto wangu ananionea huruma. Nikaificha juu ya kabati.

– Tangu Idi! Na mi habari imenifikia leo. Halafu? aliuliza Satelaiti.

– Unakumbuka mulango ya saba, Waziri? Mukono ya kushoto inabonyeza vibonye vitatu pamoja, ya kulia inapiga haraka. Ile mashine ya gereji ninayo mpaka leo, baba yako aliniachia. Tangu nitoke hospitali nimejaribu. Nafika daraja ya pili, naanguka. Nasubiri watoto walale mchana, najaribu tena, daraja ya pili. Nikaacha. Sasa siku moja nyumba ilikuwa tupu, nikateremsha ile ya Houda. Kibonye ni kimoja. Nikichelewa, inaningojea. Nikianguka, inaniinua, hainicheki. Nikaenda, nikaenda, nikafika kwa malkia. Nikakaa pale namwangalia tu, machozi yananitoka kama mujinga.

Waziri alikuwa anaitazama ile mikono kana kwamba anaiona mara ya kwanza.

– Na we umekaa hapa unatusikia tunaitukana mulango kwa mulango, ukanyamaza?

– Niliogopa mutasema ni muchezo ya vilema.

– Nani angesema? Waziri alipandisha sauti, kisha akaishusha. Nani hapa angesema hivyo, Atumani?

Satelaiti alitia simu yake mfukoni.

– Basi tuambie. Ina thamani ya ile bei, ao haina?

Atumani alifikiri kwa haki, kama mtu aliyeitwa shahidi.

– Kwenu nyinyi, apana. Bei ni kubwa, na milango tatu wamekula. Kwangu mi, ndiyo. Ningekuwa na vidole vyangu, ningeitukana pamoja nanyi.

Waziri alisimama, akapangusa suruali.

– Umeme kwako upo?

– Ulikuwepo nilipotoka.

– Sasa tumekaa hapa tunafanya nini?

Wakaondoka wote, vikombe mikononi, Fabiola akibaki anacheka na kahawa yake. Nyumbani kwa Atumani walivua viatu, wakajipanga kwenye mkeka, na Waziri akanyakua kidude cha kuchezea kabla hajapewa. Askari mwenye kofia nyekundu akatokea, anang'aa kweli kama mabati mapya. Waziri akamrusha, akaanguka. Akainuliwa. Akaanguka tena.

– Mushale iko wapi? Mi sioni mushale!

– Iko mbele yako, we unakimbia nyuma! Satelaiti alilia kwa kicheko.

– Hii imeharibika!

– Usiharakishe, Atumani alimwambia, akiuweka mkono wake wa kushoto juu ya mkono wa rafiki yake. Ngoja kwanza. Yenyewe inangoja.

Walipokuwa wamefika mlango wa pili, kwa jasho na kelele za kutosha harusi, mtu akabisha hodi. Alikuwa Mwanne, amejifunga kanga kiunoni, amefuata vikombe vyake. Alivikusanya kimoja kimoja akinung'unika. Kisha akasimama nyuma yao, akitazama. Kisha akakaa. Kisha, bila kuomba, akakichukua kidude kutoka kwa Waziri, akauliza cha kurukia ni kipi, na akalivuka daraja kwa mara ya kwanza kama mtu anayevuka mtaro kwenda sokoni.

Wanaume walijisogeza kumwona vizuri.

– Na huyu malkia, Mwanne aliuliza, macho kwenye televisheni, alifungwa kwa sababu gani?

Satelaiti alimtazama Waziri. Waziri alimtazama Atumani. Atumani, ambaye alikuwa amemfungua kwa njia zote mbili, ngumu na rahisi, alikuna kichwa.

– Muchezo haisemi, alijibu.

– Miaka yote hii munamufungua, hata mumoja hajauliza?

Mwanne akatikisa kichwa, akavuta mkeka karibu na televisheni, na kumrusha askari wake kuelekea mlango wa tatu.