Ufunguo Usio na Alama

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kumsindikiza marehemu, familia imempa binti yake mkubwa, ambaye ni mwanasheria, kazi ya kuandika na kusoma maisha ya baba yake, naye amekubali kwa sharti moja, kwamba jambo lisilo na karatasi wala shahidi litatajwa hivyo hivyo, kuwa halina.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Funguo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa nne kati ya sita, na ingawa kitambulisho chake kinasema 1953, familia inafuata kadi ya kliniki iliyoandikwa wiki ileile. Alisoma shule ya msingi ya jirani kuanzia 1959 hadi 1965, na Januari 1966 alianza kujifunza kazi kwa mjomba wake, katika kibanda kinachotazamana na posta, ambako alifundishwa kuuwekea kila ufunguo anaouchonga mikato mitatu midogo ya tupa kichwani, ili ukileta shida ajulikane aliyeutengeneza. Mwaka 1974 mjomba alistaafu, akamwachia kibanda.

Alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976 na fundi cherehani wa mtaa wa pili, aliyekuwa amejifungia nje ya chumba chake mara tatu katika mwezi mmoja. Marehemu alishikilia kwamba ile mara ya tatu ilikuwa makusudi, mama anakana, na hakuna shahidi mwingine. Walijaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja, na wajukuu watano.

Tarehe 9 Agosti 2004 ghala la vitambaa lililo karibu na kibanda liliibiwa bila mlango kuvunjwa, ufunguo wa bandia ukakutwa kwenye kitasa, na kesho yake mpelelezi alimkamata marehemu mbele ya wateja, naye marehemu akakaa mahabusu siku arobaini na moja. Siku ya kwanza tu alieleza kwa maandishi kwamba ufunguo ule haukuwa na mikato yake, lakini ukurasa huo haukuwamo katika jalada lililomfikia mwendesha mashtaka, na kesi ilikokotwa hadi tarehe 22 Mei 2006, alipoonekana hana kesi ya kujibu. Wateja walimwambia, "Tunakuamini, Fundi," huku wakipeleka kufuli zao kwingine.

Tarehe 5 Februari 2007 alifungua kesi ya madai dhidi ya mpelelezi na serikali, akidai kwamba alishtakiwa kwa hila. Binti yake alimwonya mezani, "Baba, kuachiwa si ushahidi wa hila, itabidi uthibitishe kwamba hawakuwa na sababu ya msingi, tena walikuwa na nia mbaya," naye akaweka kijiko chini, akamuuliza, "Kwani wewe mwanangu umeajiriwa na nani?" Mwaka 2011 upande wa pili ulitaka yaishe nje ya mahakama bila kukiri kosa, akakataa, akisema, "Nataka waandike kwamba walijua. Kuachiwa nimeshaachiwa, na bado mtu akipotelewa na kitu ananitazama mikono."

Ukurasa ule ulipatikana kwa amri ya jaji, ukiwa na saini ya mpelelezi chini yake, hivyo swali lililobaki ni kama uliachwa kwa bahati mbaya au kwa kujua. Marehemu alisema aliwahi kumkumbusha mpelelezi, akajibiwa, "Ukurasa upi, mzee?" Mpelelezi alikana, na hapo likabaki neno la mmoja dhidi ya neno la mwingine.

Tarehe 15 Oktoba 2015 wakili wa serikali alimuuliza marehemu kama kila ufunguo aliouchonga ulikuwa na alama, naye akafikiri, akasema, "Si kila mmoja. Upo wa nyumbani, nilimchongea mke wangu tulipooana. Sikuona haja ya kujitambulisha kwake." Watu walicheka, wakili akaandika haraka, na binti yake akainamisha kichwa, akijua kwamba sasa ufunguo wa ghala nao ungeweza kuwa wake. Nje alimwambia, "Baba, ungesema ndiyo tu," akajibiwa, "Halafu mimi na yule aliyeficha ukurasa tungetofautiana nini?"

Machi 2019 alilazwa kwa maradhi ya mapafu, ambayo wengine wanasema yalitokana na vumbi la chuma na wengine mahabusu, ila ripoti ya daktari haikutaja chanzo. Hukumu ilisomwa tarehe 11 Aprili, na jioni hiyo binti yake alimsomea aya ya arobaini na saba, ambamo jaji alisema kwamba kati ya mashahidi wawili alimwamini yule aliyetoa jibu la kumuumiza mwenyewe, na kwamba mpelelezi alijua, akaendelea. Aliomba isomwe tena, akamgeukia mama, akasema, "Umeona? Ufunguo wako." Alifariki tarehe 3 Mei 2019, saa nne asubuhi, mama akiwa kando yake.

Yamesemwa hapa msibani kwamba mpelelezi alihongwa, lakini hilo halikuthibitishwa, marehemu hakulidai, na historia hii hailidai. Muda wa rufaa nao haujaisha, hivyo binti yake hawezi kuwaambia kwamba jambo limefungwa, anachoweza kuwaambia ni kwamba neno "alijua" limeandikwa, na baba yake alilisikia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani mliotupatia viti na nafasi, na mafundi wenzake mliofunga vibanda vyenu leo.

Lala salama, Fundi. Ufunguo wa nyumbani anao mama, na hautawekwa alama.