Mama Majani, Tabibu wa Migomba ya Mtaa Wetu

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi mliokuja moja kwa moja kutoka shambani mkiwa na udongo kwenye viatu, karibuni. Marehemu angewapokea kwa mikono miwili, kisha angeuliza udongo huo umetoka shamba la nani, na kama shamba hilo lina ugonjwa. Anayesoma wasifu huu ni mdogo wake anayemfuata. Ameambiwa asome taratibu, kwa sauti ya msiba. Atajaribu, lakini maisha yenyewe hayakuwa ya taratibu hata kidogo.

Mpendwa wetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Majani, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa karani wa posta na mkunga. Nyuma ya nyumba baba alikuwa na matuta manne ya nyanya, na hakuna aliyeruhusiwa kuyasogelea. Asubuhi moja, marehemu akiwa na miaka sita, mama alifungua mkoba wake wa kazi akakuta bandeji zote zimetoweka. Papo hapo baba akapiga kelele huko nje: "Nani kazifunga nyanya zangu bandeji?" Mtoto akajitokeza bila woga. "Zina vidonda, baba. Funua uone." Baba akafunua. Kweli, majani yalikuwa na madoa ya kahawia, duara ndani ya duara, na mwenye bustani alikuwa hajayaona! Yaling'olewa siku ile ile yakachomwa, na nyanya zikapona. Mama alikwenda kazini bila bandeji.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko kuanzia 1968 hadi 1974, akaendelea na sekondari, na mwaka 1980 akajiunga na chuo cha kilimo. Barua zake za chuoni bado zipo. Wenzake waliandika nyumbani kuomba sabuni, yeye aliandika hivi: "Leo tumeiona kutu ya maharage kwenye darubini. Jamani, mngeiona! Ni nzuri, haina mfano!" Mama alimjibu kwamba anafurahi, ila akumbuke kula.

Tarehe 1 Julai 1982 alianza kazi ya bibi shamba, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na tisa. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja mkabala na ghala la mbolea. Kulikuwa na meza, kioo cha kukuzia, chupa za jamu zilizojaa majani makavu, na benchi ambalo halikukaa tupu. Kabla ya kushika jani alikuuliza maswali, na ole wako ujibu ovyo. Yameanza majani ya juu au ya chini? Mmea mmoja mmoja, au shamba zima kwa mkupuo? Uligusa nini jana? Kuna mzee mmoja aliyeleta mahindi yaliyoungua, akaapa ni ugonjwa mpya kabisa. Marehemu alifuatana naye hadi shambani, akakuta mistari imeungua imenyooka, mmoja umeungua, unaofuata mzima. Akamshika mkono. "Baba yangu, ugonjwa haupimi kwa kamba. Huu ni wewe na bomba lako la dawa." Mzee alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo alikuwa mpiga debe wake mkubwa.

Mwaka 1984 alifika ofisini fundi cherehani mmoja, kijana nadhifu, ameshika jani la mpera lenye matundu. Marehemu aliliweka jani chini ya kioo, akalitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Mdudu huyu anatumia sindano namba ngapi?" Matundu yalikuwa kwenye mstari mmoja, yamepishana sawasawa kama ya pindo la sketi. Fundi akatazama sakafu. "Kumi na nne," akasema. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985. Bibi harusi alichelewa dakika ishirini, kwa sababu aliuona ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, kwenye waridi la shada lake, na akataka kujua lilichumwa bustani gani. Shemeji yetu, ambaye leo amekaa mstari wa mbele, alisubiri bila kulalamika, na Mungu akawajalia watoto wawili.

Sasa tunafika mahali ambapo marehemu mwenyewe aliagiza pasirukwe.

Jumanne ya tarehe 6 Mei 2003 alipita mashamba saba ya mtaa huu akifundisha watu kukata ua dume la mgomba, lile linaloning'inia chini ya mkungu, ili ndizi zinenepe. Alikuwa na kisu kipya kikali, na alikata mwenyewe, shamba hadi shamba, kwa furaha tele. Wiki chache baadaye majani yakaanza kuwa manjano na kulegea. Ndizi zikaiva kabla ya wakati, na ukizipasua, ndani ni kahawia. Ulikuwa mnyauko, ugonjwa ambao mtaa huu ulikuwa haujawahi kuuona. Watu walisema ni hewa mbaya. Yeye alifungua daftari lake la safari, akaandika mbele ya kila shamba tarehe ugonjwa ulipoonekana. Ugonjwa ulikuwa umefuata ratiba yake. Shamba la kwanza lilikuwa na mgomba mmoja uliokwisha kuugua, naye hakuutambua. Mengine sita aliyaambukiza yeye, kwa kisu ambacho hakukipitisha motoni hata mara moja.

Mdogo wake, huyu huyu anayesoma, alimwambia: "Dada, nyamaza. Nani atajua?"

"Wasipojua ni kisu," akajibu, "kesho watakata kwa visu vyao."

Akaenda nyumba kwa nyumba, akasimama uani kwa kila mmoja, akasema: "Ni mimi." Kisha, kabla hawajamaliza kumtukana, akawafundisha. Mgomba mgonjwa ung'olewe na mashina yake yote. Kisu kipitishwe motoni kila unapohama mgomba. Ua dume lisiguswe na chuma. Livunjwe kwa mti wenye panda. Watu walikasirika, wakasikiliza, wakafanya, na kwa hilo mitaa ya jirani ilipona. Wenye mashamba watano walimsamehe mwaka ule ule. Wa sita alikuwa jirani yetu wa geti la bluu, mjane aliyelea watoto watatu kwa migomba sitini. Ilikufa yote sitini. "Toka," alimwambia. "Na usinikanyagie hapa tena maisha yako yote."

Miaka ishirini na moja geti lile halikufunguliwa kwake. Jirani alipanda upya, migomba sitini ile ile, na marehemu akawa anapita barabarani kila wiki, ananyoosha shingo juu ya ua, anayakagua majani kwa mbali. Akiyaona mabichi alirudi nyumbani anaimba. Alipata vyeti na sifa, lakini aliyekaa naye alijua anataka kitu kimoja tu: aingie kwenye geti lile, aombe radhi, na asikilizwe. Iliuma, na hakuficha kwamba inauma.

Januari 2023 madaktari waligundua kwamba moyo wake umepanuka. Alikatazwa kutembea, kunyanyua vitu na kusisimka. Mawili ya kwanza alijitahidi kuyatii.

Asubuhi ya tarehe 11 Juni 2024, jirani wa geti la bluu alisimama mlangoni petu. Hakusubiri kukaribishwa.

"Mgomba wangu mmoja una jani la manjano," akasema. "Mwambieni aje."

"Daktari amemkataza kutembea, jirani," fundi akajibu.

"Nani kasema nitatembea?" Sauti ilitoka chumbani. "Leteni toroli!"

Ndivyo ilivyokuwa! Fundi mwenye miaka sitini na tano alimsukuma mkewe kwenye toroli la zege, juu ya mto wa kitandani, mtaa mzima ukitoka nje kuangalia, na yeye amekaa wima kama jaji, akifoka: "Haraka, baba, haraka!" Geti likafunguliwa. Wakaingia. Jirani akamnyooshea panga lake mwenyewe.

"Shika. Kata."

"Kwanza moto," marehemu akasema.

Jirani akaleta moto wa jikoni, akalichoma panga mwenyewe mpaka likawa jekundu. Shina likakatwa. Wakasubiri, maana usaha wa mnyauko hautoki mara moja. Dakika tano, hakuna kitu. Dakika ya tisa, yakachuruzika matone ya manjano. Jirani akashika kichwa kwa mikono miwili. "Basi. Imekwisha tena."

"Haijaisha!" Marehemu alikuwa amekwisha kushuka kwenye toroli. "Umeuona mapema! Jani moja tu, na umeliona! Mwaka ule mimi sikuliona." Hapo akalia, akaomba radhi aliyoibeba miaka ishirini na moja. Jirani alimshika kiwiko, wakaupita mgomba mmoja baada ya mwingine, yote sitini, huku fundi akiwafuata nyuma na toroli tupu. Mgonjwa alikuwa mmoja. Ukang'olewa, ukazikwa.

Tangu siku hiyo jirani alikuja kila asubuhi kutoa taarifa ya migomba, kana kwamba ni watoto. "Hamsini na tisa, wote wazima." Marehemu alipiga makofi kila mara, kama mtoto. Jumamosi ya tarehe 3 Agosti 2024 taarifa ilikuwa hiyo hiyo. Alipiga makofi, akaomba maji, na saa kumi jioni, akiwa kwenye kiti chake barazani, moyo ukasimama.

Rasimu ya ukurasa huu ilipokuwa mezani kwa fundi, jirani aliichukua akaisoma mpaka mwisho. "Mimi mmeniandika wapi?" Akaonyeshwa palipoandikwa 'na majirani wote'. Akairudisha mezani. "Mimi si wa wote," akasema, akachukua kalamu.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, wadogo zake watatu wa kiume, na dada mmoja. Wanaoijua familia yetu watasema hakuwa na dada. Kweli, hakuwa naye, mpaka tarehe 11 Juni.

Apumzike salama. Asubuhi ya leo pia ni hamsini na tisa, wote wazima.