Rangi Chini ya Waya

Sogeeni, wanangu, wote watatu, na mwenye simu mkononi aiweke mfukoni, maana pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kuhesabu na sitaitumia kumsubiri mtu achezee kioo. Nimekasirika. Msiniambie, "Baba, tulia, moyo wako." Moyo ni wangu, na hasira hii nimeichuma kwa haki, siku tatu nimelala hapa, ukuta mmoja tu kati yangu na karakana, nikisikia mnavyompiga Kikongwe, pikipiki yangu, mateke kama punda aliyegoma.

Nilichosema Jumatatu mnakikumbuka: atakayeiamsha pikipiki ile ndiye atakayeshika ufunguo wa karakana, na wengine wataufyata. Karakana haigawanyiki. Ukimpa huyu jiliwa na yule benchi, umewapa wote vyuma chakavu.

Vyuma chakavu navijua mimi. Kikongwe nilimtoa kwenye lundo la takataka, hana tangi, pistoni imeshikana na silinda kwa kutu, nikamlowesha dizeli wiki kumi na moja, kila asubuhi namgonga kwa nyundo ya mti, taratibu, mpaka siku pistoni iliposogea unene wa ukucha. Mama yenu, Mungu amrehemu, alisema nimeoa mke wa pili, tena asiyejua hata kupika. Injini ilipoguruma, ni yeye aliyepiga vigelegele.

Kisha mimi nikalazwa, nanyi mkaona mnifurahishe. Wewe, Tai, kifungua mimba wangu unayefunga tai hata ukienda kununua grisi, ukampeleka Kikongwe kwa fundi rangi. Amerudi anang'aa, unaweza kunyolea ndevu kwenye silensa yake, na ndani kimya. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti! Fundi rangi msimlaumu, alipaka alichoambiwa apake, na ninyi mlimwambia apake kila kitu.

Siku ya kwanza, Tai, umefungua kabureta mara nne, na kila mara umeifunga vilevile. Siku ya pili kitindamimba naye, Kipaza, debe tupu lisiloacha kuvuma, umebadilisha plagi, umeleta betri mpya, kisha umeanza kumtukana mzungu aliyeiunda injini kabla babu yako hajazaliwa. Taa nayo haiwaki, mkasema balbu imeungua. Balbu! Betri mpya, taa haiwaki, honi hailii, na vichwa viwili vya wanaume waliokulia kwenye harufu ya petroli havijiulizi umeme umeishia wapi.

Dada yenu alijiuliza. Nilimsikia siku ileile ya kwanza, kabla ya saa sita. Alisema, "Kaka, waya wa ethi umefungwa juu ya rangi. Umeme haupiti kwenye rangi, haupati pa kurudia. Kwangueni pale chini ya boliti." Na wewe Tai ukamjibu, "Wewe shika tochi." Tochi! Akashika. Siku tatu amemulika boliti ileile kwa mkono wake mwenyewe, nanyi mnaangalia kwingine.

Mnainamisha vichwa sasa. Inueni, sijamaliza, na aliyebaki kulaumiwa ni mimi. Nyani haoni kundule, na nyani mkubwa wa nyumba hii ndiye huyu mnayemgeuza ubavu kitandani. Nilisikia nikanyamaza. Siku tatu nimenyamaza, nikisubiri mmoja wenu wa kiume aigundue, nimpe ufunguo, nife na ubishi wangu.

Njoo, mama, binti yangu. Kaa hapa. Ulikuwa na miaka kumi na sita mwalimu mkuu alipoleta pikipiki yake inayozima kila akipanda kilima. Nilihangaika nayo siku mbili. Wewe ukachukua sindano ya mama yako, ukazibua tundu la hewa kwenye mfuniko wa tangi, basi. Mwalimu alipokuja kushukuru, nilisema, "Nimeitengeneza mimi." Ulikuwa umesimama pale mlangoni, sindano bado mkononi. Kisha nikakuambia wateja hawatapenda kuona binti ameshika spana, uingie ndani. Ukaingia. Tangu hapo hujagusa boliti bila kuomba ruhusa, na ruhusa sikukupa. Maisha yangu yote sijachukua hata nati ya mtu, nikamwibia mwanangu.

Muuza matairi wa hapo jirani nimemnunia miaka saba. Alisema mbele za watu kwamba binti yangu ananizidi sikio la injini. Mwendeeni, mumwambie mzee amekiri, alisema kweli.

Nyumba ni ya watatu, na asiuze mtu hata bati. Tai, utasimamia mazishi, na usinivalishe tai. Kipaza, utafanya kazi karakana chini ya dada yako, ukitaka, na akikuambia shika tochi, utashika.

Nipeni maji. Basi, inatosha.

Mama, chukua msasa. Nenda. Ninyi wawili kaeni papo hapo, asimfuate mtu, akajifanya kusaidia. Fungueni dirisha.

Anakwangua... mnasikia? Polepole, mpaka chuma cheupe, mama... hanisikii, lakini anajua. Sasa boliti. Anaikaza... asivunje... havunji huyo. Kipaza, acha kutikisa mguu. Naomba... naomba moto tu, Mungu wangu, mara moja.

Kiki. Bado. Ya pili...

Eh! Huyo! Huyo, wanangu! Msiseme kitu. Msi... mwacheni azungumze mwenyewe. Kila pigo mahali pake. Kila pigo...

Sikilizeni, sauti yangu inakwisha. Mungu awape mikono mitulivu. Awape masikio, mimi niliyaziba yangu. Radhi yangu mnayo wote, hata wewe, debe. Yeye, ninamwomba yeye anipe radhi yake. Mwambieni. Nitashindwa kusubiri amalize.

Ufunguo... chini ya mto huu. Mpeni kabla hajaomba. Asiombe tena.

Na watu wakija kunizika, wakaikuta inanguruma, watasema mzee alikuwa fundi. Mtakataa. Mnasikia? Mtakataa mbele ya jeneza langu... mtasema ni dada yetu.