Isale la Getini

Sogeeni, wanangu. Gurpreet, toka hapo dirishani, na wewe Kiran, binti yangu, acha huo mlango, maana sauti yangu haifiki mbali tena na haya nitakayosema sitapata pumzi ya kuyarudia.

Nyinyi mmenikuta mwenye kiwanda. Hamkuniona nikisukuma mkokoteni kutoka Kwa Sadala, nimeupakia majembe yaliyolika, masufuria yaliyotoboka na vipande vya plau nilivyookota Kahe, watu wakinicheka kwamba Mhindi huyu kakosa duka mpaka anauza takataka. Baba yangu aliniachia nyundo na jina, basi. Habari za kuyeyusha chuma nilijifunza kwa kuuliza, nikifukuzwa narudi kuuliza tena. Siku tanuru lilipokubali mara ya kwanza, chuma kikashuka kinang'aa, laini kama uji wa mtoto, na huko nje mawingu yakawa yamefunguka, kilele cha Kibo kimesimama cheupe juu yetu. Barafu kule, moto huku, na mimi katikati na shati lililoungua. Nililia. Mpaka leo sielewi jembe la mama wa watu linakubalije kugeuka nondo ya kushika ghorofa. Nimeliona jambo hilo maisha yangu yote, na ninaondoka bado nalishangaa.

Aliyelia pamoja nami siku ile ni huyu Eliufoo wa Masama aliyekaa hapa miguuni pangu, msimamizi wangu wa kwanza wa tanuru. Kuna mwaka tuligombana. Mimi nataka chuma kimiminwe, yeye anasema bado, nikamfokea mbele ya watu, akavua glavu akaondoka. Baada ya wiki nikamwona mlangoni, kashika tawi la isale. Mimi mtoto wa mjini nikadhani kaniletea ua. Nikamwambia asante sana, kalipande getini. Akabaki amesimama, haketi wala haondoki. Mama yenu Kanta, Mungu amrehemu, akaingia na chai, akaona, akaniambia, "Harbans, hilo si ua. Kwao mtu akikuletea isale anakuomba yaishe, na ukilikataa umejitenga na watu." Nikalipokea kwa mikono miwili, na aibu ilinijaa, maana aliyefoka ni mimi na aliyeshuka mlima ni yeye. Halafu Eliufoo akacheka, akaenda kulipanda getini kweli. Ndilo lile mnalopita kila siku.

Sasa mnalipita bila kusalimiana. Tangu nilale hapa, Gurpreet umezima tanuru kwa sababu unataka kuwauzia kiwanda wale watu wa Dar, na Kiran umetia makufuli yako getini wasiingie kukagua. Vijana wa kazi wanakaa nje kwenye majani wakitazama bomba lisilotoa moshi. Kaka na dada, mlionyonya ziwa moja. Hilo linaniuma kuliko ugonjwa huu.

Basi shikeni neno langu. Nyumba hii ni ya Kiran, ya Arusha ni ya Gurpreet. Shamba la migomba nyuma ya kiwanda ni la Eliufoo na uzao wake, lisiguswe. Kiwanda ni chenu nusu kwa nusu, na wakili ameshaandika kwamba hakiuzwi wala hakigawanywi mpaka wote wawili mkubali. Mkiamua kukiuza, kiuzeni, sitawazuia nikiwa majivu. Ila muamue mkitazamana usoni.

Na siku ya kunichoma, najua kwa desturi yetu mtoto wa kiume ndiye anayewasha moto wa baba. Mimi nataka mkono wa Gurpreet na mkono wa Kiran kwenye kijinga kimoja cha moto. Likiwashinda hilo, mwachieni Eliufoo aniwashe, ameshanizoea motoni.

Ngojeni... nipeni maji kidogo.

Eliufoo, mzee mwenzangu, nipe lile tawi. Asubuhi nilimwomba alikate kwenye isale letu la getini. Wanangu, mnajua hapa mlimani mkosaji ndiye hulipeleka. Leo analipeleka baba kwa watoto wake. Sijui mnisamehe nini, labda kwamba niliwafundisha chuma nikasahau kuwafundisha hili. Nawaomba yaishe.

Waheguru, Mungu wetu, awafunike. Mikono yenu isikose kazi, na kazi yenu isikose watu.

Mkono wangu unachoka, pokeeni. Siyo mmoja... wote. Kiran, shika hapo chini. Gurpreet. Gurpreet, baba, njoo.

Hivyo.

Sasa nendeni mkawashe tanuru. Nifungulieni dirisha, niuone moshi.