Kabati Nyuma ya Fomu

Benchi lile Fundi alilitengeneza mwenyewe kwa mbao za mabaki, akaliweka kati ya karakana yake ya useremala na kibanda cha Kinyozi, mahali ambapo muuza kahawa hapiti bila kutua birika. Wakaliaji ni wale wale: Fundi, penseli sikioni; Kinyozi, mwenye habari za kila kichwa; na Bwana Faili, karani mstaafu ambaye mpaka leo huongea kama anasoma kumbukumbu za kikao. Alasiri hiyo walikuwa wamekalia maisha ya mtu. Binti wa Fundi, ambaye kijiwe kizima humwita Wakili kwa ubishi wake, alisimama mbele yao na fomu ya chuo mkononi. Somo kuu: uchoraji na uchongaji. Somo la pili: uhasibu. Sahihi ya mzazi: patupu. Dirisha la kupokea fomu lilikuwa linafungwa saa kumi, na saa tisa imeshapita. Baba yake alikuwa amesema neno moja tu: "Ngoja niwasikilize wenzangu." Wakili amewahi kuwanyamazisha wabishi wa vyuo vitatu kwenye midahalo, lakini kule jukwaani kuna kengele ya kumkalisha mtu chini. Hapa kulikuwa na kahawa.

— Geuza tu, binti, alisema Bwana Faili. Uhasibu uwe juu, uchoraji uwe chini. Kuchora ni jambo la kufanya mvua ikinyesha.

— Na jua likiwaka nifanye nini, mzee?

— Ufanye kazi.

— Mimi naongea kitaalamu, Kinyozi akadakia. Wanaosomea uchoraji hawanyoi. Tangu chuo kilete masomo hayo, hebu tazama kiti changu. Kitupu! Hii ni njama.

— Njama ya nani?

— Ya wauza vitana!

Bwana Faili akashusha sauti.

— Hamjasikia bado. Kule kuna chumba, mtu anakalishwa kwenye kiti saa tatu nzima, wanafunzi wanamtazama na kumchora. Mimi nimekaa kwenye kiti miaka thelathini. Nani alinichora?

— Ulikuwa umelala, mzee, alisema Wakili. Ungetoka vizuri sana.

Muuza kahawa alicheka mpaka akamwaga kahawa.

— Chekeni tu. Picha zile zinakwenda wapi? Kwenye mafaili! Miaka kumi ijayo kila raia atakuwa na faili, na sura yake humo ndani, imechorwa kwa upande.

— Pamoja na masikio, Kinyozi akaongeza, akijishika lake.

Wakili akamgeukia baba yake.

— Baba, hawa wanaujadili mkono wangu kana kwamba nimeusahau kwenye benchi lao. Wewe mwenyewe unasemaje?

Fundi akakuna shingo.

— Mwanangu, sina ugomvi na kuchora. Ila si kazi. Nionyeshe mtu mmoja tu anayekula kwa penseli.

Wakili alilitazama sikio la baba yake. Alifungua mdomo, lakini mteja akamwahi: muuguzi aliyevaa sare, mwendo wa haraka.

— Hamjambo hapa? Fundi, nataka kabati la kona. Dirisha liko hivi, mlango uko huku. Nichoree kwanza nione.

Fundi hakutafuta karatasi. Alinyoosha mkono, akaichomoa ile iliyokuwa kwenye vidole vya mwanawe, akaigeuza mgongo, akailaza gotini. Penseli ikashuka. Milango miwili, droo tatu, kivuli kidogo chini ili miguu ionekane.

— Weka mpini hapo, alisema Kinyozi, shingo imerefuka.

— Na rafu ya mafaili, alisema Bwana Faili.

Wakili alikuwa ameduwaa. Fomu yake! Kisha jicho likamshinda.

— Baba, mlango huo ukifunguka utagonga dirisha.

Akaichukua penseli, akafuta kwa kidole, akachora mlango wa kuteleza. Fundi alitazama, akaguna, hakubisha.

— Hilo hasa ndilo kabati langu! alisema muuguzi. Naondoka na karatasi, nikamwonyeshe mume wangu.

— Haiwezekani, dada, alisema Fundi, uso umemshuka. Hiyo ni fomu ya chuo ya binti yangu.

Muuguzi akaigeuza. Akasoma polepole, midomo ikicheza. Akamtazama Wakili, akaitazama penseli, akamtazama Fundi.

— Sasa mbona mzazi hajasaini?

Kinyozi akaanza kusafisha kitana kilichokuwa safi. Bwana Faili akachungulia kikombe chake; hakikuwa na kitu. Muuza kahawa akainamisha birika, likatoa tone moja.

Fundi alikohoa. Akaipokea fomu, akailaza tena gotini, na kwa mazoea ya mkono akaishika ile penseli.

— Kwa kalamu, baba, alisema Wakili. Hiyo inafutika.

Muuguzi tayari alikuwa amechomoa yake mfukoni.